Nyumba iko tupu, kasoro watu sita

Jamani kabla hamjaamini ile ya mwenzangu wa ofisini, ambaye Jumapili net ilikuwa haipandishi hata picha moja ila habari yangu sijui kaisafirishaje mpaka ikamfikia shangazi yangu Korogwe, naomba na mimi nitoe ya kwangu. Yeye anasema nilikimbizwa na upawa mpaka barabarani. Upawa haukutoka ndani. Hilo liwekwe sawa.

Tarehe 12 Mei 2024 mnaijua, mikongo ya baharini inayotuletea intaneti, EASSy na Seacom, imekatika siku moja, baadaye waziri anatutangazia hitilafu iko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Sasa mimi ni dalali wa kisasa. Si ndo mimi nilikuwa nawacheka wazee wa kijiweni Goba na madaftari yao chini ya mwarobaini, nawaambia ofisi yangu iko mfukoni? Lokesheni ya nyumba iko WhatsApp, picha na mkataba viko Drive, mwenye nyumba yuko Muscat na hapatikani kwingine zaidi ya hukohuko WhatsApp, na funguo ziko wapi kaeleza kwenye voice note ambayo kaduara kake kanazunguka tu tangu asubuhi. Na wateja ndo hao washafika, mtu na mkewe kutoka Dodoma, hela ya kuonyeshwa nyumba elfu ishirini nimeshapokea na nimeshainywea supu na chapati.

Nilichokumbuka kichwani: geti jeusi, mwembe. Nendeni Goba mkahesabu mageti meusi yenye mwembe mniletee jibu.

Geti la kwanza liko wazi. Nikasema ndo lenyewe, mwenye nyumba katuma mtu afungue. Barazani viatu vimejaa, nikajiambia mafundi rangi hao. Kukawa na kandambili ya kitoto, ya pinki, ina kipepeo. Nikajiambia fundi kaja na mtoto.

Nikasukuma mlango kwa mgongo, maana natembea kinyumenyume huku naongea na wateja, mkono nimeunyoosha kama mshehereshaji: "Karibuni sebuleni, tailizi mpya, jipsam juu, nyumba iko tupu tangu mwezi wa tatu."

Mteja wa kike haniangalii mimi, anaangalia nyuma yangu. Mumewe kavua kofia. Hapo ndo pua yangu ikapokea harufu ya pilau.

Nikageuka taratibu. Mkeka. Sinia. Baba na msuli wake, paja la kuku limefika nusu ya safari ya mdomoni likagoma hapohapo. Watoto watatu. Bibi. Mama kashika upawa. Feni tu ndo inazunguka. Sasa mwenye akili hapo si anaomba radhi anatoka? Mdomo wangu wa kidalali ukajisemea wenyewe: "Msijali, hawa wanahama leo."

Watu wangu, upawa ukashuka kwenye sinia. Mama akamgeukia mumewe, sauti ya chini, ile ya chini ambayo ndo mbaya: "Baba Nanihii, tunahama?" Baba paja bado liko hewani. Bibi akapiga makofi: "Nilisema mimi! Nilisema huyu kauza nyumba!"

Basi mjumbe kaitwa, baba anaapa hanijui, na mimi kila nikimtetea ndo tunazidi kuonekana tunajuana. Simu za kawaida zinapiga vizuri tu, wa kumpigia ndo sina, mwenye nyumba namba yake inapatikana WhatsApp tu na WhatsApp imelala. Mjumbe akamwita mzee mmoja wa kijiweni, mzee akalamba kidole akafunua daftari: nyumba ya wa Muscat ni mtaa wa tatu, funguo ziko kwa mama wa genge. Wateja wakaipenda, kianzio wakatuma kwa ile menyu ya nyota na reli, risiti ikaandikwa kwenye karatasi ya daftari la mzee. Udalali tumegawana, ila hilo neno "kugawana" nalitumia kwa heshima tu.

Sasa bizinesi kadi yangu niliidondosha pale mkekani. Jana usiku nimepigiwa simu, mtu ananong'ona. Yule mama wa upawa. Anauliza nyumba kama ile ikiuzwa inaweza kufika shilingi ngapi, na Baba Nanihii asijue.