Gari la Ulaya Lililozeeka: Bei Imeshuka, Spea Hazijashuka

Gari lililokuwa la mabosi miaka 15 iliyopita leo linauzwa kwa bei ya kigari cha kawaida. Viti vya ngozi, injini ya silinda sita, na mlango ukiufunga unasikia kweli umefunga mlango. Mnunuzi anapiga hesabu na kuona ameokota dodo. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba kilichoshuka ni bei ya gari zima tu. Gia boksi yake bado ni gia boksi ya gari la kifahari, na siku ikitaka kufunguliwa itadai kwa cheo kile kile ilichotoka nacho kiwandani. Ndiyo maana unakuta gari ambalo bili moja ya gereji inakaribia thamani yake yote.

Wanaoyakataa magari haya hukomea hapo, na si rahisi kuwabishia. Wanaoyatetea hutaja magari yaliyotembea umbali wa ajabu. Dereva mmoja wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliitembeza Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia kwenye makumbusho ya kampuni hiyo. Marekani, Irv Gordon aliendesha Volvo P1800 ya mwaka 1966 zaidi ya maili milioni 3. Ni mifano ya kweli, ila husimuliwa nusu. Sachinidis alikuwa akizibadilisha injini kwa zamu, na Gordon alijulikana kwa kutoichelewesha servisi. Tena magari yote mawili ni ya enzi ambayo kila kitu kilikuwa chuma, mpira na nyaya chache. Kuyatumia kutetea gari la mwaka 2008 lenye kompyuta ndogo kila kona ni kuchanganya mambo.

Mimi nakaa karibu zaidi na watetezi, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe yanaonekana vizuri ukifungua boneti.

Tuanze na mfumo wa kupoza injini, kwa sababu ndio umeua magari mengi ya aina hii kuliko watu wanavyodhani. BMW za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina tanki la akiba la maji la plastiki, shingo za rejeta za plastiki, na nyumba ya thamostati ya plastiki pia. Plastiki hiyo hupata moto na kupoa maelfu ya mara mpaka inakakamaa kama ganda la yai. Dalili ya kwanza ni ndogo mno: alama nyeupe iliyokauka kwenye mshono wa tanki, au maji yanayopungua kidogo kidogo bila tone kuonekana chini. Anayebadilisha tanki, mipira, thamostati na pampu kwa pamoja katika hatua hiyo atalipa kiasi cha kuumiza lakini kinachobebeka. Anayeongeza maji kila asubuhi na kuendelea na safari atafika siku tanki litakapopasuka barabarani, injini ichemke, na silinda hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ipinde. Hapo bili inabadilika jina: si servisi tena, ni kufungua injini. Gari ni lile lile na ubovu ni ule ule, kilichotofautiana ni wiki chache za kupuuza.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba gari la Ulaya ni ghali kutunza, huwa nauliza kwanza: kutunza, au kufufua? Sehemu kubwa ya gharama anayokutana nayo mmiliki wa tatu au wa nne ni deni lililoachwa na waliomtangulia. Gari linapoanza kudai, wengi huliuza. Anayelinunua kwa bei ya kutupa ananunua na lile deni, ila halimo kwenye karatasi za mauzo.

Watengenezaji nao wana sehemu yao ya lawama. Wamiliki wengi waliambiwa kwamba oili ya gia boksi otomatiki ni ya maisha, haibadilishwi. ZF, kampuni iliyotengeneza gia boksi ya gia sita iliyofungwa kwenye BMW nyingi za kipindi hicho, yenyewe hupendekeza oili ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au kila miaka minane. Maisha yaliyokusudiwa, ukisoma kati ya mistari, ni ya mmiliki wa kwanza. Kwenye gia boksi hiyo chujio limejengwa ndani ya sampu ya plastiki, yaani karai la oili lililo chini yake, kwa hiyo kulibadilisha chujio ni kubadilisha sampu nzima. Servisi hiyo si ya bei ya chini, lakini ukiilinganisha na gia boksi iliyoanza kuteleza na kugonga inapobadili gia, utaiona nafuu.

Lipo pia kosa la usanifu ambalo utunzaji hauliondoi. Injini ya dizeli ya BMW iitwayo N47, iliyotoka mwaka 2007, ina cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu za injini kwa mpangilio, upande wa nyuma inapoungana na gia boksi, na cheni za matoleo ya mwanzo zilijulikana kwa kulika mapema. Cheni yenyewe si spea ya kutisha. Kinachokula pesa ni saa za kazi, kwa sababu kuifikia kunataka kushusha gia boksi au kuitoa injini. Mercedes nazo zilipita kwenye janga la nyaya miaka ya mwanzo ya 1990: gamba la waya kwenye injini lilikuwa likichakaa kwa joto, ukiligusa linapukutika na shaba inabaki uchi. Mwenye gari kama hizo anaweza kuwa mtunzaji hodari na bado akapigwa bili. Hapa wapinzani wana haki yao yote, na dawa ni moja: usinunue injini hiyo bila ushahidi kwamba kazi hiyo ilishafanyika.

Kuhusu umeme sitachukua muda. BMW nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hata betri mpya hutaka isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo itachajiwa kama ile ya zamani. Fundi asiye na mashine inayosoma gari hilo hasa atabadilisha sensa moja baada ya nyingine akibahatisha, na kila kubahatisha unakulipia wewe.

Upande wa nafuu una jambo ambalo wengi hawalitumii. Spea ya gereji ya kampuni mara nyingi haikutengenezwa na kampuni ya gari. Breki, sensa na nozeli zinaweza kuwa za Bosch, shokapu za Sachs, mikono ya mbele inayoshikilia tairi ya Lemförder, chujio za Mann au Mahle. Kampuni hizo huuza zile zile kwenye maboksi yao wenyewe, na sheria za ushindani za Umoja wa Ulaya zinawazuia watengenezaji wa magari kuwakataza wasiuze kwa gereji huru. Unaweza kukuta bushi ambayo nembo ya kampuni ya gari imekwanguliwa, iliyobaki yote ni moja. Tahadhari ni kwa feki zenye boksi linalofanana, maana mkono wa mbele wa bei ya chini sana ukiisha mapema unalipia kazi mara mbili.

Kisha kuna gharama isiyopita gereji. Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka yake ya mwanzo, na mwenye gari halioni pigo hilo kwa sababu hakuna anayemwandikia bili. La zamani limeshaporomoka tayari. Ukijumlisha mwaka mzima, mwenye Volvo au Mercedes ya miaka 15 iliyotunzwa anaweza kuwa ametumia pesa kidogo kuliko jirani mwenye gari jipya la mkopo, hata baada ya kubadilisha shokapu zote nne. Tofauti ni namna pesa inavyotoka. Mkopo hudai kiasi kile kile kila mwezi, ilhali gari kuukuu hunyamaza miezi minane, kisha linadai mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mwenye akiba na usafiri mwingine wa kushikilia atavumilia. Anayelitegemea gari hilo moja kumfikisha kazini kila siku, na hana pa kushika bili ya ghafla, asijiingize humo hata akipewa kwa bei ya chini kiasi gani.

Na kuna mahali hata mtetezi anapaswa kuliachia gari. Injini hufunguliwa na gia boksi hubadilishwa, lakini kutu ya bodi ni habari nyingine. Mercedes W210, iliyoanza kuuzwa mwaka 1995, inajulikana kwa kulika kutu pale kikalio cha springi ya mbele kilipochomelewa kwenye bodi, na kikiachia springi inang'oka gari likiwa mwendoni. Kabla ya kuulizia bei, vua tairi ya mbele, ingiza tochi, na ugonge bati hilo kwa bisibisi. Likitoboka, gari hilo ni la kuvunjwa spea hata kama injini inawaka kwa mguso mmoja.