Farasi wa Miaka Miwili: Tusiulaumu Umri Peke Yake

Mwaka 2023 farasi 12 walikufa ndani ya wiki chache katika uwanja wa Churchill Downs, Kentucky, Marekani, msimu uleule wa Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi. Wawili walianguka ghafla bila mfupa kuvunjika. Kati ya wale kumi wengine, wengi waliumia miguu. Kila msiba wa aina hiyo huamsha hoja ileile: farasi wa miaka miwili bado ni mtoto, asikimbizwe.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Uti wa mgongo wa farasi haukomai mpaka afikishe miaka mitano au zaidi. Isitoshe, farasi wa Thoroughbred (uzao maalumu wa mbio) wa kaskazini mwa dunia wote huongezewa mwaka Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Mei huitwa wa miaka miwili akiwa na miezi 20 tu. Kisha huja mnada wa farasi hao mwezi Machi kule Ocala, Florida, ambako wanunuzi hushika saa kuona ni nani atakayemaliza mita 200 kwa sekunde 10 hivi. Hapo hata mimi roho huniuma.

Lakini tuutazame mguu wenyewe. Daktari wa mifugo anayempima farasi wa mbio hushusha kiganja polepole kutoka gotini hadi kwenye kifundo kilicho juu ya kwato, akitafuta joto. Huukunja mguu kwa dakika moja hivi, huuachia, kisha farasi hukimbizwa mchakamchaka huku yeye akiangalia kama kichwa kinanyanyuka kila mguu ule ukikanyaga. Kifundo hicho ndicho chanzo cha vifo vingi uwanjani, na mfupa mrefu unaoingia humo humaliza kurefuka upande wa chini kabla farasi hajatimiza mwaka. Mgongo mchanga hautoshi kueleza kifundo kilichovunjika.

Jockey Club ya Marekani, chama kinachotunza daftari la farasi wa Thoroughbred, hukusanya takwimu za majeraha tangu 2008. Mwaka 2009 vifo vilikuwa 2.00 kwa kila mara 1,000 farasi walipoingia mbioni. Mwaka 2023 vilikuwa 1.32. Ndani ya takwimu hizo kuna jambo ambalo nimelirudia mara nyingi: walioanza mbio wakiwa na miaka miwili wana hatari ndogo ya kufa kwa jeraha kuliko walioanza baadaye. Mtu atasema walioanza mapema ndio waliokuwa wazima tangu mwanzo, wenye kasoro wakabaki zizini. Ni kweli, na sehemu ya tofauti hiyo huenda inatoka huko. Ila haiwezi kuwa yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, waliwapa watoto wa farasi mazoezi ya ziada tangu wakiwa malishoni, na viungo vyao havikudhurika. Kule Pennsylvania, Marekani, daktari wa mifugo David Nunamaker alionyesha kwamba muundi hujijenga kulingana na mzigo unaoupata: farasi aliyezoeshwa mwendo wa polepole tu huumwa muundi siku anapodaiwa kasi, lakini aliyepewa kasi fupifupi tangu mapema huukinga.

Hata mapumziko yana hatari yake. Mfupa unapojikarabati, hubomoa kwanza ndipo ujenge, na farasi anayerudi mazoezini baada ya likizo ndefu anaweza kuvunjika mfupa wa juu wa mguu wa mbele katika wiki za mwanzo. Anayesema "mwacheni zizini mpaka miaka minne" anapaswa kulijibu hilo.

Kuhusu moyo nina machache. Mazoezi huukuza, lakini farasi akianguka ghafla, mara nyingi uchunguzi wa maiti hauonyeshi sababu, na hapo umri haumshtaki wala kumtetea mtu.

Kinachonisumbua ni sindano ya kiungo inayozima maumivu ambayo yangemwonya mkufunzi. HISA, mamlaka ya usalama wa mbio Marekani, inadai siku 14 kati ya sindano hiyo na mbio, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Saa ya mnada nayo ningeibana vivyo hivyo: umri uhesabiwe kwa miezi, na aliyezaliwa Mei asishindanishwe na saa mwezi Machi.