Kidonge cha kukojoza mbona hakikutajwa?

Makala niliyoisoma kuhusu presha inasema wenye presha ambao asidi ya yuriki, taka ya mwilini inayotolewa na figo, imepanda kwenye damu huwa pia na mchochota wa chinichini, ule usiouma wala kuonekana. Sawa, lakini lawama zote ameangushiwa mla nyama. Huku kwetu Mtwara mtu anamaliza wiki hajaonja nyama: mchana dagaa, jioni pweza wa kukaanga, na msimu wa korosho anashushia uraka wa mabibo. Vyote hivyo vinaweza kupandisha yuriki, na pombe ndiyo mbaya zaidi maana inaichelewesha figo kuitoa.

Halafu kuna haidroklorothiazaidi, ile dawa ya presha ya kukojoza. Inashusha presha vizuri, siipingi, ila inaifanya figo iirudishe yuriki kwenye damu. Losatani, nayo dawa ya presha, ni kinyume chake, inasaidia kuitoa. Mjomba wangu wa Mikindani kidole gumba cha mguu kilimvimba usiku, hata shuka hakutaka limguse, akasingizia kajikwaa, kumbe ni jongo, maumivu ya viungo yanayoletwa na yuriki. Daktari alianza na kadi yake ya dawa kabla ya kumuuliza anakula nini.

Ila jamani, msikimbilie alopurino, dawa ya kushusha yuriki, kwa sababu ya kipimo tu. Utafiti wa ALL-HEART wa Uingereza, 2022, uliijaribu kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 5,700, na idadi ya mishtuko ya moyo na viharusi haikupungua. Na anayemeza ya kukojoza asiiache kienyeji. Aulize kliniki kama ipo ya kubadilishiwa.