Mtini na Tumbo Tupu: Namna ya Kuisoma The Bell Jar

Wengi huijua The Bell Jar, riwaya ya Sylvia Plath, kwa kipande kimoja tu, kile cha mtini. Msichana amekaa kwenye panda la mti, matawi yamesheheni tini zilizoiva, na kila tini ni maisha anayoweza kuishi: mume na watoto, ushairi, uprofesa, uhariri. Anashindwa kuchagua hadi matunda yanasinyaa na kudondoka miguuni pake. Kipande hicho kimezungushwa mitandaoni mpaka kimechakaa, na karibu kila anayekisambaza hukikata mapema mno. Muda mfupi baadaye, katika sura hiyohiyo ya 7, msichana huyo, Esther Greenwood, anakula mgahawani na Constantin, mkalimani aliyemtoa matembezi, tumbo linatulia, naye anawaza kwamba huenda maono yale yote yalikuwa njaa tu.

Asiyeisikia kejeli hiyo ataisoma riwaya nzima kwa sauti ya matanga, na ataipoteza nusu yake. Esther ana miaka 19, ana ulimi mkali, na ugonjwa unamwingia huku bado anatuchekesha.

Kosa kubwa zaidi ni kuisoma kama barua ya kuaga. Sylvia Plath aliitoa London Januari 1963 kwa jina la kubuni, Victoria Lucas, akajiua mwezi uliofuata. Marekani, ambako kisa kinatokea, kitabu kilichapishwa 1971. Tangu hapo kifo cha mwandishi kimemfunika mhusika. Lakini rudi sura ya 1, pale Esther anapozitaja zawadi alizopewa New York. Anasema, kama kwa bahati tu, kwamba wiki iliyopita alikikata kiti cha pweza (yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota) cha plastiki kilichokuwa kwenye mfuko wa miwani ya jua, mtoto akichezee. Yaani anayesimulia yu hai, na ana mtoto. Piga mstari hapo kabla hujaendelea.

Sura ziko 20. Tisa za mwanzo ni New York, majira ya joto ya 1953. Sura ya 10 hadi 13 ni nyumbani kwa mama yake. Kuanzia ya 14 ni hospitalini. Shika penseli na ufuatilie vitu vinne: maji, chakula, usingizi na mwandiko. Katika sura ya 2 Esther anaoga maji ya moto na kuyasifu kama dawa ya karibu kila jambo. Ukifika sura ya 11, wiki tatu zimepita hajaosha nywele wala nguo, kwa sababu haoni maana ya kuosha leo kitu kitakachohitaji kuoshwa tena kesho. Hakuna hotuba juu ya sonona inayoipita hoja hiyo kwa usahihi. Ni hoja yenye mantiki kamili, na ndiyo inayotisha.

Mwandiko ndio ushahidi ambao wasomaji huuruka. Akimwandikia rafiki yake Doreen barua, herufi zinatoka kubwa na za kukatikakatika kama za mtoto, mistari ikiteremka. Anapomwona Dokta Gordon, daktari wa magonjwa ya akili, kwa mara ya kwanza anamweleza kwamba halali usingizi, hali chakula, hasomi. La mwandiko, linalomsumbua kuliko yote, analificha. Safari nyingine anammwagia mezani vipande vya barua aliyoichana. Daktari haulizi kitu kuhusu vipande hivyo. Anataka kuzungumza na mama yake.

Msomaji aliyelelewa na Rosa Mistika ya Kezilahabi atatafuta chanzo: nani alimharibu? Kwa Rosa, msimulizi anayeona yote anatuonyesha baba na ukali wake. Hapa visababishi vimerundikana, kama baba aliyefariki mapema, mpenzi wake Buddy Willard na unafiki wake, na kozi ya uandishi aliyokosa nafasi, lakini hakuna kimoja kinachotosha. Nadhani Plath alikusudia hivyo.

Hata jina la kitabu hueleweka nusunusu. Waliosoma fizikia sekondari wanaikumbuka bell jar, kifuniko cha kioo chenye umbo la kengele: unanyonya hewa, kengele ya umeme iliyo ndani inaonekana ikipiga lakini haisikiki. Kifuniko cha Esther hakina ombwe. Kina hewa, ila ni yake mwenyewe, iliyochacha, na angekaa chini yake hata akipelekwa Paris au Bangkok.

Kuhusu tiba ya umeme anayopewa Esther, yaani kupitishiwa umeme kichwani, usihukumu kwa sura ya 12 peke yake. Kwa Dokta Gordon ni mateso. Chini ya Dokta Nolan, daktari wake wa hospitali ya baadaye, inafanywa inavyopaswa, na Esther anatoka kama aliyelala usingizi. Kinachomuumiza safari hii ni sinia la kifungua kinywa: asubuhi lisipoletwa, mgonjwa anajua zamu yake imefika, na Nolan alikuwa ameahidi kumwambia mapema. Siku hizi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli kwanza.

Kuna doa ambalo halifai kupakwa chokaa. Esther anampiga teke mhudumu Mweusi hospitalini, na anapoudharau uso wake mwenyewe anaufananisha na nyuso za mataifa mengine. Dhuluma kwa wanawake anaiona vizuri sana, hii haioni.

Ikiwa wewe mwenyewe uko katika kipindi kizito, ruka sura za 12 na 13, maana zinataja njia za kujiua kwa undani. Endelea na ya 14, tena usisome peke yako usiku. Na kama mawazo hayo yanakujia, weka kitabu chini umwambie mtu leo, kisha uende hospitali.

Mwishoni Esther anaingia chumba cha madaktari watakaoamua kama aruhusiwe kutoka. Amekwisha kujiuliza kama kioo kitamshukia tena siku moja, na hajibiwi. Uamuzi wa madaktari nao hatuambiwi. Anayeutaka arudi sura ya 1, kwenye kile kiti cha pweza.