Kifaranga wa mkunga kwa yeni 1,800: ghali kwa kipimo gani?

Ufugaji wa mkunga, samaki mrefu kama nyoka, duniani bado unategemea vifaranga wanaovuliwa mitoni na midomoni mwa mito. Wanaopinga miradi ya kuwatotolesha kwenye vituo vya utafiti wana hoja nzito: Chuo Kikuu cha Hokkaido kilifanikiwa kutotolesha mayai mwaka 1973, na nusu karne baadaye mabwawa ya Japani bado yanajazwa vifaranga wa kuvuliwa. Wanauliza fedha zimeenda wapi.

Nyingi zimeenda kwenye chakula. Viluwiluwi wa kwanza, yaani watoto waliotoka tu kwenye mayai, walikufa baada ya siku chache kwa sababu hakuna aliyejua wanakula nini. Baadaye ukapatikana uji wa unga wa mayai ya papa, na mwaka 2003 watafiti wa Japani wakaripoti kuwalea hadi kuwa vifaranga kamili. Mwaka 2010 mikunga waliozaliwa kituoni nao wakazaa.

Kinachokula fedha sasa ni ulishaji wenyewe. Kiluwiluwi hafukuzi chakula. Taa ikiwashwa, huukimbia mwanga na kuzama chini ya tangi, ambako uji umemwagwa, akala kwa takriban robo saa. Kisha maji hufunguliwa kwa nguvu yaondoe masalia. Ukizembea, uji unachacha, bakteria wanazaliana na viluwiluwi wanakufa kwa wingi. Kazi hiyo hurudiwa mara 5 kwa siku, kila baada ya saa 2, na siku ikiisha wote wanahamishiwa tangi safi. Inaendelea hivyo kwa miezi, maana viluwiluwi wa kituoni huchelewa kugeuka kuwa vifaranga kuliko wa baharini.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama ni mikono ya watu, na hiyo hupunguzika kwa matangi makubwa, mashine za kulishia na uji wa kiini cha yai la kuku badala ya papa, ambaye naye amepungua baharini. Kwa hesabu za serikali ya Japani, kifaranga mmoja aligharimu zaidi ya yeni 40,000 mwaka 2016. Miaka michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi takriban 1,800. Wakosoaji wanasema wa mtoni hupatikana kwa yeni mia kadhaa tu. Ni kweli, lakini bei hiyo humlipa mvuvi na dalali. Mama aliyeogelea kutoka mtoni hadi magharibi ya safu ya Mariana, milima ya chini ya bahari ya Pasifiki, kutaga hayumo kwenye hesabu, ilhali IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilimweka mkunga wa Japani kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 2014. Kumwita wa kituoni ghali kwa kumlinganisha na bei hiyo ni kupima kwa mizani mbovu.

Hata hivyo, hoja yao moja siwezi kuipangua: kituo peke yake hakiokoi mto. Vifaranga wa kituoni wakiongezwa juu ya wanaovuliwa, kitakachokua ni soko tu. Umoja wa Ulaya ulipozuia kuuza mkunga wake nje mwaka 2010, wanunuzi waligeukia aina nyingine, hadi Madagaska, kwenye Anguilla mossambica yuleyule anayepanda mito ya pwani yetu. Japani ina kikomo cha tani 21.7 za vifaranga wanaoruhusiwa kuingizwa mabwawani kwa msimu. Kila tani itakayotoka kituoni inapaswa kupunguzwa kwenye sehemu ya wanaovuliwa, na sharti hilo liandikwe kabla bei haijashuka zaidi.