Kufungua shughuli wakati wa janga: nani atangulie?

Tangu Machi 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotamka kwamba Korona ni janga la dunia, mjadala wa kufunga na kufungua shughuli umeendeshwa kana kwamba kuna kambi mbili tu: ya wanaojali uhai na ya wanaojali pesa. Mgawanyo huo uliwapotosha wengi, wakiwamo waliokuwa na mamlaka ya kuamua.

Waliotaka milango ifunguliwe mapema hawakuwa wote wafanyabiashara wenye uchu wa faida. Mtu anayelipwa kwa siku akikaa ndani wiki tatu, njaa haimsubiri. Mtoto aliyekosa chanjo ya surua kwa sababu kliniki imesitisha huduma naye yuko hatarini, na mke anayepigwa amefungiwa ndani pamoja na anayempiga. Kisha kuna shule. Katika kilele cha mwaka 2020, UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua zote hadi Januari 2022. Katika muda huo wapo wasichana waliopata mimba au kuozwa, wapo watoto walioingia kwenye vibarua, na si wote waliorudi darasani. Hasara hii haiandikwi kwenye orodha ya vifo, lakini waliopatwa nayo wataibeba miaka mingi.

Waliosema tusubiri walikuwa na hoja ambayo naona haikueleweka vya kutosha: ugonjwa huu huchelewa kujionyesha. Kwa virusi vya mwanzo, aliyeambukizwa leo alianza kuumwa baada ya siku kama tano, wengine hadi 14. Aliyezidiwa alifika hospitali siku kadhaa baadaye, na kifo, kikija, kilikuja baadaye zaidi. Idadi ya waliolazwa leo inaeleza yaliyotokea wiki mbili au zaidi zilizopita. Serikali ikifungua masoko Jumatatu hii, nyumba za ibada Jumatatu ijayo na baa wiki inayofuata, wodi zikianza kujaa hakuna atakayejua ni mlango upi ulioleta wagonjwa. Ndiyo maana WHO ilishauri kwamba kabla ya kulegeza masharti, wanaokutwa na virusi wawe chini ya asilimia 5 ya wote wanaopimwa, kwa angalau siku 14. Asilimia hiyo ikiwa juu, mara nyingi maana yake wanapimwa waliokwisha kuzidiwa tu, na wengine wanatembea bila kujulikana.

Pande zote mbili, basi, zilikuwa na haki yao. Ila zilibishana mno kuhusu tarehe, wakati swali zito lilikuwa nani atangulie. Kila unachofungua huongeza maambukizi kidogo, na hospitali zina kiasi chake cha kustahimili. Ukikimaliza kwenye starehe, shule hazibakiwi na kitu.

Denmark ililitambua hilo. Aprili 15, 2020, ilianza na watoto wadogo: madawati yaliyoachana, vikundi vidogo, kunawa mikono mara kwa mara, masomo nje kila ilipowezekana. Migahawa ilisubiri zaidi ya mwezi mmoja. Korea Kusini, iliyokuwa hodari wa kupima na kufuatilia, ililegeza masharti mwanzoni mwa Mei, na papo hapo mlipuko ukazuka katika kumbi za usiku za Itaewon, Seoul. Watu zaidi ya 200 waliambukizwa, moja kwa moja au kupitia kwa waliokwenda huko, na shule zilizokuwa karibu kufunguliwa zikaahirishwa. Watoto walilipia usiku wa watu wazima. Hilo linaniudhi hadi leo.

Kuhusu mahali pa hatari, ushahidi ulikuwepo mapema. Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, waimbaji 61 wa kwaya walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Wagonjwa waliothibitishwa na wanaodhaniwa walifika 53, wawili walikufa. Hewa iliyotuama, sauti za juu na muda mrefu pamoja: mambo hayo matatu yangetosha kupanga foleni ya nani afunguliwe mwisho. Badala yake kwingi tulipulizia dawa sakafuni na kuacha madirisha yamefungwa.

Limebaki suala la ujira. Mfanyakazi anayejua kwamba akisema anakohoa atakatwa malipo, atameza vidonge vya homa na kuripoti kazini, na kipimajoto cha mlangoni kitampitisha. Fedha za kumlipa akiwa amejitenga zilipaswa kutengwa kabla ya tarehe yoyote ya kufungua kutangazwa. Na siku hiyohiyo ya tangazo, wananchi walistahili kuambiwa ni idadi gani ya wagonjwa itakayofanya milango ifungwe tena, na ni ipi itakayofungwa kwanza.