Kalori za kwenda Kaole na kurudi

Jumamosi iliyopita mimi na dada mmoja jirani yangu tulikimbia kutoka mjini Bagamoyo hadi Kaole na kurudi, kilomita 10 kwa dakika 70 hivi. Yeye ana kilo 60. Tulipokaa kwa mama wa chai, saa yake ya mkononi ilisoma kalori 811. Simu aliyokimbia nayo njia hiyo hiyo ilisoma 598. Akanisogezea vyote viwili: "Kaka, nishike ipi?"

Swali lile lilimtoka moyoni. Ni mwezi wa nne sasa anaamka alfajiri kukimbia, uzito haujashuka, na wiki hiyo alikuwa ameshasema ataacha. Tarakimu ile ndiyo aliyokuwa akiitegemea kujua ale kiasi gani.

Kalori tunayoitaja hapa ni kilokalori, ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Kuipima sawasawa kunataka mtu akimbie amevaa barakoa inayopima hewa anayovuta na anayotoa, kwa sababu kila lita ya oksijeni inayotumika mwilini ni kama kalori 5. Saa haina uwezo huo. Inamulika ngozi, inahesabu mapigo ya moyo, inachanganya na umri, jinsia na uzito uliojaza mwenyewe, kisha inakadiria.

Ipo njia ya zamani isiyohitaji saa. Mwaka 1963 mtafiti wa Italia, Rodolfo Margaria, na wenzake walionyesha kwamba gharama ya kukimbia kilomita moja haibadilishwi sana na kasi; kwa kukadiria, ni kama kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Anayekwenda mbio anachoma nyingi kwa dakika lakini anafika mapema. Anayejikokota anachoma kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kwa dada huyu, 60 mara 10 ni 600. Simu ilikuwa karibu mno na hesabu hiyo.

Hata hiyo 600 si ya mbio peke yake. Mwili unachoma hata ukiwa umekaa barazani, kama kalori 1 kwa kilo kwa saa. Katika zile dakika 70 angetumia 70 bila kuinua mguu. Zilizobaki, 530, ndizo za mbio zenyewe, na mtu anayetaka kupungua anapaswa kuanzia hapo.

Kwa nini saa ilipanda hadi 811? Jibu la hakika sina, ila pwani yetu inaijua sababu moja. Wakati wa joto na unyevu, moyo hupiga haraka ili kupeleka damu kwenye ngozi mwili upoe, hata kama kazi ya miguu ni ile ile. Saa inayotegemea mapigo inaweza kuyachukulia yote kuwa ni kazi. Mchanga nao una mambo yake: utafiti wa mwaka 1998 ulikuta kukimbia kwenye mchanga laini mkavu kunagharimu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu. Kwa hiyo ukishuka ufukweni, programu ya simu inayohesabu umbali na uzito tu itakupunja.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo, 6 kati ya 7 vilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kabisa asilimia 93.

Wanaozitetea tarakimu hizi wana hoja ya kweli, na naipa uzito. Saa inayozidisha kila siku kwa kiasi kilekile bado inakuonyesha kwamba wiki hii umefanya zaidi ya iliyopita. Yupo pia anayekimbia sana na kula kidogo mno. Makadirio yanaweza kumzindua kabla hajaishiwa nguvu. Na anayekimbia jioni ya Ramadhani anahitaji kujua walau kwa kukisia futari na daku vibebe kiasi gani.

Nisichokubali ni kuifanya tarakimu ile pesa ya kununulia chakula. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha mwaka 2012 vipimo vya Wahadza, jamii ya wawindaji wa huku kwetu Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku, lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya nishati kwa siku nzima hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili ukitumia zaidi huku, hubana kule. Basi hata zile 530 zisichukuliwe kama akiba kamili. Na kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700: zaidi ya safari 14 za Kaole, hata kama mwili haubani chochote.

Nilimjibu ashike 600, atoe 70. Saa aiachie mapigo na muda. Akauliza chapati ina ngapi, kwa kuwa mbili zilikuwa tayari kwenye sahani yake.

Tukamwuliza mama wa chai mwenyewe. "Mama, kilo ya unga inakutoa chapati ngapi?"

"Kumi na nne, mwanangu."

"Na mafuta?"

Akainua kijiko kikubwa. "Kimoja kila chapati. Bila hivyo haichambuki."

Gramu 71 za unga wa ngano ni kama kalori 255, na kijiko kile cha mafuta 120. Chapati moja 375, mbili 750, supu bado. Dada akazitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema kumbe miezi minne yote miguu yake haikuwa na kosa. Ya pili akaomba ifungwe kwenye karatasi, ampelekee mwanawe, na tukapatana Jumamosi saa kumi na mbili.